Ukanda Uliogeuzwa Kichwa Chini

Mimi, Dufie, nina miaka hamsini na mmoja na nimetengeneza mchezo wa simu. Nalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu hapa Bonwire, mji wetu wa wafumaji nchini Ghana, watu wamekwisha kusema mengine: eti nimetengenezewa, eti mtoto wa mtu alikaa nyuma yangu akinishika mkono. Waongo. Kila neno lililomo niliandika mimi, kwa kidole kimoja, na kosa likitokea nililisaka mwenyewe mpaka nikalikamata.

Kazi yangu ni kushona. Kente, nguo yetu ya sherehe, hufumwa kwa kanda nyembamba, upana wa kiganja, kisha mtu huziunganisha kanda ishirini na nne zikawa nguo moja ya mwanamume. Wafumaji ni wanaume wa nyumba ya Mjomba Agyekum, na yeye ndiye fundi wao mkuu. Anayeunganisha ni mimi, huu mwaka wa ishirini na sita. Mteja akija kuchukua nguo humpa Mjomba mkono, humsifu, hupiga naye picha. Mimi huulizwa choo kiko wapi.

Darasani niliingia kwa ubishi tu. Nilikwenda maktaba kupima mapazia, nikamkuta mwalimu, binti wa Kiewe aitwaye Eyram, akiwafundisha vijana kutengeneza michezo ya kompyuta. Alikuwa akiwaambia kwamba anayeanza asikimbilie vita na magari. Aanze na fumbo dogo, la kitu anachokijua kuliko watu wengine. Nikasimama pale na utepe wangu shingoni.

"Anti, umepotea?" kijana mmoja akaniuliza, wenzake wakacheka.

"Nimepotea wapi? Sogea nikae."

Eyram akanitazama kwa adabu. "Na wewe, Anti, unajua nini kuliko watu wengine?"

"Kente."

"Ya kwetu au ya kwenu?" Waewe nao hufuma, na hudai kwamba walianza wao.

"Ya kwenu tunapigia deki," nikamjibu. Akacheka mpaka akashika meza, na tangu siku hiyo hatukuachana.

Wiki tatu nilijifunza. Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa na kanda tano zilizovurugika. Mchezaji anazisogeza juu na chini mpaka miraba ya rangi ipishane kama bodi ya drafti, ndivyo kente inavyotakiwa kuwa. Siku ukanda wa kwanza uliposogea kwa amri niliyouandikia mimi, nilipiga kigelegele mle maktaba. Walinitoa nje. Nilisimama barazani nikiusogeza ukanda ule juu, chini, juu, kama mwendawazimu mwenye furaha yake.

Eyram alicheza mara moja akamaliza kabla hajameza kipande cha kenkey alichokuwa nacho mdomoni.

"Anti, hili si fumbo. Huku ni kupanga sahani kabatini."

"Basi nitaweka kanda kumi."

"Zitakuwa sahani kumi. Niambie kweli, ukikaa na sindano yako, kazi ni rahisi hivi?"

Haikuwa rahisi hivyo hata kidogo.

Kanda za Mjomba hazilingani. Asubuhi mkono wake una nguvu, anaupiga uzi ukakazana, miraba inatoka mifupi. Jua likipanda mkono unachoka, miraba inarefuka kidogo kidogo, mpaka mwisho wa ukanda imezidi kwa nusu ya kidole. Ukanda alioanza jioni akaumaliza asubuhi hutoka kinyume, mirefu kwanza, mifupi mwisho. Ukizishona kanda kama zilivyo, nguo inapinda kama mlevi. Hilo nililigundua mwaka wangu wa kwanza, na dawa yake nikaigundua mwenyewe: kanda hizo za jioni nazigeuza kichwa chini, mifupi ipakane na mifupi, mirefu na mirefu. Nakshi ya wafumaji wa nyumba yetu haina juu wala chini, kwa hiyo macho hayatambui.

Lakini sikumwambia mtu. Katika nyumba yetu kosa la fundi mkuu halisemwi, na ukanda una kichwa pale ulipoanzia na miguu pale ulipoishia, kwa sababu una mwenyewe. Kuugeuza ni kumsimamisha aliyeufuma kwa kichwa mbele za watu. Nilikuwa nikishonea chumbani, mlango umefungwa. Na tazama nilivyozoea kuficha: hata ndani ya simu, mahali ambapo Mjomba hayumo, nilizichora kanda zote zikiwa zimenyooka, kwa heshima yake. Heshima hiyo ndiyo iliyoua mchezo wangu.

Nikamweleza Eyram. Akaruka. "Anti! Hilo ndilo fumbo lenyewe!"

"Hilo ndilo la kunifukuzisha nyumbani," nikasema.

Nilikuwa na haki ya kuogopa. Mjomba akisema sitapewa tena kanda, hakuna nyumba nyingine ya wafumaji itakayonipokea, maana wote ni ndugu na wote humsikiliza yeye. Nikakaa siku mbili nikishona tu. Siku ya tatu mteja akaja, akaisifu nguo, na Mjomba akajibu, "Mkono wangu haujawahi kukosea." Nami nilikuwa nimesimama pale pale, sindano ikiwa kwenye kola. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Jioni ile nikaanza kuandika upya.

Miraba ikaanza kurefuka taratibu kutoka mwanzo wa ukanda hadi mwisho, kila ukanda kwa kiasi chake, na baadhi kinyume, kutoka mwisho hadi mwanzo. Ukiugusa mara mbili, unageuka kichwa chini. Ilinichukua wiki nzima kwa sababu kila ukanda uliogeuzwa ulikuwa unaruka nje ya skrini, unapotea kabisa. Vijana wa darasani walitaka kunisaidia, nikawafukuza. Kumbe nilikuwa nikiugeuza kwa kuushika kwenye ncha, wakati kitambaa hugeuzwa kwa kushikwa katikati, jambo ninalolifanya kila siku ya Mungu. Nilipolirekebisha hilo, nilijikuta nalia. Nilijiona mtu mkubwa, nami sioni haya kusema hivyo.

Eyram ana sheria moja. Mchezo haujaisha mpaka wacheze watu watatu wasioujua, nawe mtengenezaji ukae kando, mdomo umefungwa. Usidokeze wala usikohoe. Akaja mwenyewe hadi kwenye banda la wafumaji saa sita mchana, wakiwa wanapumzika, akaketi kwenye gogo kunilinda nisivunje sheria.

Wa kwanza kuinyakua simu alikuwa Boadu, mfumaji mwenye mdomo kuliko wote. "Dada Dufie katengeneza gemu! Kesho utasikia anarusha ndege!"

Akasogeza, akasogeza tena. Kicheko kikaanza kumkauka. "Mbona juu zinakubali, chini zinakataa?"

"Lete hapa, wewe hata drafti hufungwa na watoto," akasema Sarpong, akamnyang'anya. Naye akakwama. "Dada, umekosea hesabu. Kanda zako hazilingani."

Nikauma ulimi. Eyram alikuwa akinikazia macho.

"Nipeni mimi," akasema Mjomba.

Akavaa miwani yake, akaishika simu mbali na uso. Akasogeza ukanda wa kwanza, akasogeza wa pili, akaacha. Akasogeza uso karibu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Akageukia kitanda chake cha kufumia, akauvuta ukanda aliokuwa akiufuma tangu asubuhi, akapima mraba wa mwanzo kwa kidole gumba. Akapima wa mwisho. Akarudi kwenye wa mwanzo, akapima tena.

Wafumaji wakasogea kukitazama kidole chake.

"Kanda hizi za kwenye simu ni za kwangu," akasema.

Sheria ya Eyram ikaniponyoka. "Ndiyo, Mjomba."

"Mwanzo mfupi, mwisho mrefu."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na nguo zangu zinatoka zimenyooka. Unazifanyaje?"

"Nazigeuza. Kichwa chini."

Boadu akaweka mkono kichwani. Mtu mwingine akasema, "Yesu wangu!"

"Ngapi?" Mjomba akauliza.

"Tisa, kumi, katika kila nguo."

"Hata ile niliyoivaa mbele ya machifu, nikasifiwa siku nzima?"

Hapo ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimedanganya kwa sindano miaka ishirini na sita, uongo mmoja zaidi usingenigharimu kitu. "Hiyo ilikuwa kumi na moja, Mjomba."

Akanitazama. Sikuinamisha macho. Kisha akairudia simu, akaugusa ukanda wa tatu mara mbili. Ukageuka. Akaugusa wa tano. Akasogeza polepole, na miraba yote ikakaa mahali pake, juu hadi chini. Simu ikalia kale kamlio nilikokachagua mwenyewe. Hakutabasamu.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani nafuma sawasawa."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akachukua muda mrefu kuifuta.

"Boadu, inuka kwenye hicho kigoda. Kisogeze hapa."

Boadu akakileta, akakiweka kando ya kitanda cha kufumia cha Mjomba. Mjomba akanionyesha kwa kidevu nikae. Hakuna mwanamke wa nyumba yetu aliyewahi kukaa pale. Nikakaa, mgongo nimeunyoosha, wanaume wote wakinitazama, na Eyram kwenye gogo lake akijifuta macho kwa kiganja.

Mjomba akaunyoosha ukanda wa asubuhi ile juu ya mapaja yetu wawili, kichwa upande wake, miguu upande wangu.

"Haya, fundi," akaniambia. "Nionyeshe ni wapi mkono wangu unaanza kuchoka."

Nikaweka kidole kwenye mraba wa saba.