Kompyuta ya Kamanda

Kompyuta ilizimika tena, na Kijiti akajua anapigwa.

Hakukosea. Kioo kilijaa mistari ya kijani, kikawa cheusi, mashine ikajiwasha yenyewe, ikafika palepale, ikafa. Mumewe, ambaye wacheza gemu wenzake walimbatiza Kamanda na mtaa mzima ukafuata, akarusha kibodi ukutani. Vitufe vikatapakaa sakafuni. Kisha akageuka.

"Nani kaigusa?"

"Nimepangusa meza tu, haki ya Mungu!"

"Nimekukataza mara ngapi?"

Alimkamata nywele akambamiza kwenye kabati. Likafuata kofi, halafu ngumi, na Kijiti akaonja damu. Yaani mwanamume huyu, mbele ya wateja anaowatengenezea matangazo ya biashara, ni asali tupu: karibu bosi, kaa hapa bosi. Wakishatoka tu, mnyama kabisa.

Tangu mashine ianze vituko, kila ikizimika aliyelipa ni mke. Ndiyo maana Kijiti alijiwekea imani moja akaing'ang'ania: kompyuta ikipona, na ngumi zitakoma. Basi Kamanda alipochoka kupiga, akakumbuka kwamba mteja anataka tangazo lake jioni hiyo, akafoka, "Mwite huyo kaka yako fundi!" Kijiti hakungoja aambiwe tena.

Kaka mtu, fundi kompyuta wa mtaa wa pili, alifika na begi lake la vifaa begani. Akasimama mlangoni, akamtazama dada yake.

"Uso umefanyaje?"

"Nimejigonga kwenye kabati."

"Kabati siku hizi lina ngumi?"

"Kaka, usianze, nakuomba," akamnong'oneza. "Wewe itengeneze tu. Ikiwaka vizuri, anatulia."

Fundi alimeza hasira, akakaa. Aliiwasha mashine kwa ile hali ya dharura, ambapo inaamka na vitu vya lazima peke yake. Ikasimama imara, bila mstari hata mmoja. Akaguna. Akafungua orodha ya programu zinazojianzisha kompyuta inapowashwa, na hapo kidole chake kikasimama.

"Shemeji, kadi yako ya picha, hiki kifaa kinacholeta picha kwenye kioo, haina ugonjwa. Kuna programu hapa ya kuichochea iende mbio. Mtu kavuta kila kipimo mpaka mwisho, halafu kaweka alama kwamba kompyuta ikiwaka tu, ianze na mwendo huohuo. Kadi haijafumbua macho, tayari inaambiwa kimbia. Itaacha kuanguka?"

"Lakini nimeshafuta kila kitu na kuanza upya, tena zaidi ya mara moja," Kamanda alisema.

"Ukishamaliza kufuta, unaweka nini kwanza?"

Ikabidi Kamanda akiri. Anaweka programu hiyohiyo, kabla hata ya zile za kazi, na kurudisha vipimo vyake alivyovihifadhi.

"Basi unamfukuza mwizi, halafu unampa ufunguo," fundi akasema.

Kijiti alimkumbuka mumewe akivivuta vipimo vile, vipokea sauti masikioni, akitambia wenzake kwamba atawatimulia vumbi. Kumbe ni yeye mwenyewe! Na meno yaliyolegea ni ya mke!

Fundi aliondoa ile alama, akarudisha vipimo vya kiwandani, akaizima na kuiwasha. Ikawaka. Akairudia. Ikawaka tena, feni zinavuma taratibu. Jamani, raha aliyoisikia Kijiti! Mabega yalimshuka kama aliyetua ndoo ya maji.

"Asante, Kaka. Kumbe ni kitu kidogo hivyo."

"Kitu kidogo?" Kamanda aliinuka. "Unanicheka? Umemleta kaka yako aje kunidhalilisha nyumbani kwangu?"

Teke lilimkuta tumboni. Kijiti alianguka, akakosa pumzi, na kabla teke la pili halijatua, fundi alikuwa ameshamrukia shemeji yake. Waliangukia kiti, kikavunjika. Kamanda alimuuma mkono, fundi akamgonga kichwa sakafuni, akamgonga tena, akamkalia kifuani na kumkaba koo kwa mikono yote miwili. Uso wa Kamanda ulivimba, macho yakatoka, visigino vikapigapiga sakafu.

Anamuua, Kijiti aliwaza. Kwa sekunde moja mbaya alitamani amalize. Kisha akatambaa, akamng'ang'ania kaka yake shingoni.

"Muache! Ukaozee jela kwa ajili ya huyu? Muache, Kaka!"

Fundi akaachia, akarudi nyuma. Kamanda alikohoa, akatema jino na damu, akajiegemeza ukutani. Aliitazama kompyuta yake, akamtazama mkewe, na sauti ikageuka ile ya kuongea na wateja.

"Mke wangu, nisamehe. Zilikuwa hasira za hii mashine tu, unajua mwenyewe ilivyonitesa. Si umeona imepona? Sasa tutaishi vizuri."

Kijiti alisimama kwa kushika meza. Kioo kilikuwa kimewaka, kimetulia, hakina doa.

"Uliponipiga hilo teke," alimwambia, "ilikuwa imeshapona."

Kijiti alimshika kaka yake mkono, wakatoka.