Radhi ya Mara ya Tatu

Kaka yangu Jakica ni mtu wa saa. Kila mwaka, siku moja kabla ya mfungo wetu sisi Wayahudi wa Upatanisho, saa nane kamili mchana, anagonga mlango wangu hapa mtaani Bjelave aniombe radhi. Mwaka wa kwanza nilimkatalia. Mwaka wa pili nilimkatalia na mlango nikaubamiza.

Kosa lake nalisema waziwazi. Mama alipofariki tulitakiwa tukae matanga siku saba, mimi na yeye, chini sakafuni, vioo vimefunikwa. Siku ya nne asubuhi bwana mkubwa akachukua ndoana yake, huyo, akaenda mtoni kuvua! Siku zilizobaki nilikaa peke yangu, na kila aliyekuja kutoa pole aliuliza, "Jakica yuko wapi?" Nikawa najibu ana homa. Mimi, nimfichie aibu yake! Hasira ile haikunitoka.

Sheria yetu ni hii: kosa ulilomtendea mwenzio Mungu halifuti mpaka ukamwombe radhi mwenyewe. Akikukatalia mara tatu, wewe umemaliza, na dhambi inamrudia yeye.

Hayo nilikuwa nayajua, ila sikuyafikiria mpaka mwisho wake. Mwaka mzima hatusemezani, hata sinagogini kila mtu na kona yake. Lakini siku ile najua atakuja, nitamwona amekonda au vipi, nitamkatalia, basi. Nilikuwa naingojea siku ile kuliko hata Pasaka, na supu ya kuku nilikuwa napika ya watu wawili, halafu nyingine nawapa paka.

Mwaka huu akaja na mashahidi, wazee watatu wa sinagogi, wanahema kwa kile kilima chetu.

"Blanka, dada yangu, nimekukosea. Niwie radhi. Hii ni ya tatu."

"Kwa nini uliondoka?"

"Kile kiti cha Mama. Kila nikiinua macho, kitupu. Nilikuwa nakufa, Blanka."

"Na mimi nilikuwa natazama kiti gani?"

Mzee Salamon akakohoa. "Blanka, jibu neno moja tu, nasi twende tukale kabla jua halijazama na mfungo kuanza. Ukikataa, Jakica yuko huru. Hana haja tena ya kupanda huku."

Hana haja tena ya kupanda huku. Moyo ukanilipuka paa! Jamani, nilikuwa nafanya nini miaka yote hii?

"Nimekusamehe," nikasema, mbiombio, wasije wakaondoka.

Wazee wakashukuru, wakashuka ngazi. Jakica akabaki amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nikaona na mimi ninalo langu.

"Kaka, miaka miwili nimekufungia mlango. Nawe niwie radhi."

Akanitazama weee. Kisha akavaa kofia.

"Thubutu! Sikusamehe ng'o. Mwakani njoo kwangu, saa nane, uniombe tena."

"Nitakuja."

"Na ukija nitakukatalia. Mara ya tatu ndiyo tutaona."

Nikacheka, halafu nikajikuta nalia palepale mlangoni. Yeye huyo anashuka ngazi polepole, mkono ukutani. Ana miaka themanini na moja, na bado kajipangia mingine miwili.