Kijana wa Kamba na Sehemu ya Pili

Kaimu hakujua Kiingereza. Hili lisemwe mapema, maana Nachingwea nzima iliamini anakijua kama njia ya kwao, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Alikuwa na darasa lake la saba, sauti nzuri, na macho mepesi ya kusoma uso wa mwenzake. Ausi alipofungua banda la video nyuma ya soko, lenye deki moja na jenereta iliyokohoa kuliko mzee wa pumu, alitafuta mtu wa kusimama kando ya televisheni awaambie watu kinachosemwa. Kaimu akajitokeza. Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema wahenga, lakini huyu aliwaambia wenzake maana asiyoijua mwenyewe, na watu wakatoka bandani wameridhika.

Picha iliyompa jina ilikuwa ile ya mwaka tisini na saba. Stelingi, yaani shujaa wa picha, alikuwa bwana mmoja mkavu, mwenye koti la ngozi, anayepanda milima kutafuta ngoma ya dhahabu iliyoibwa kwenye mahali patakatifu. Aliongozana na kijana mwembamba aliyebeba kamba begani, na kwa kuwa hakuna aliyelishika jina lake, mji mzima ulimwita Kijana wa Kamba. Picha ile haikuwa na mabomu. Ilikuwa na watu wawili, mlima, njaa na utani, na watu waliipenda kwa sababu njaa na utani walivijua. Mwishoni daraja la kamba linakatika, kijana anatumbukia kwenye ukungu wa korongo, stelingi anapiga magoti ukingoni na kupiga kelele kuelekea chini. Basi, picha imekwisha.

Siku ya Idi Pili, mchana, Ausi aliruhusu akina mama na watoto waingie, na miongoni mwao alikuwa Bi Kulthumu, ameletwa na mkwewe Sabaha ili apunguze mawazo. Bi Kulthumu alikuwa na mtoto mmoja tu, Yunusi. Huyo Yunusi alikwenda Tunduru wakati habari za vito zilipowapanda vijana wa kusini kichwani, akamwacha Sabaha akiwa mke wa masika moja, na akaahidi kurudi na bati za nyumba. Mwanzoni salamu zilikuja kwa midomo ya wapita njia. Kisha zikakatika. Mmoja alisema shimo liliporomoka na watu wakafukiwa, mwingine akasema amevuka kwenda Msumbiji, na hakuna kati yao aliyeona kwa macho yake.

Kijana wa Kamba alipotumbukia korongoni, Bi Kulthumu alisimama wima katikati ya watu. Kaimu akamwona. Stelingi alikuwa amefumbua kinywa akipiga kelele, na ulimi wa Kaimu ukatangulia mbele ya akili yake.

"Umeshika tawi, nimekuona! Nisubiri huko huko chini, nakuja kukutoa sehemu ya pili!"

Banda likalipuka kwa makofi. Tangu siku hiyo maneno yale yakawa msemo wa mji. Mtu akienda kununua chumvi alimwambia rafiki yake nisubiri huko huko chini, na hata watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa sare waliambizana hivyo njiani. Aliyekuwa hacheki ni Bi Kulthumu. Kaka yake, Abdala, alikuwa amemsihi muda mrefu wamsomee Yunusi hitima, Sabaha akae eda yake amalize, aendelee na maisha. Sasa bibi akapata jibu.

"Habari ya mtu haijaisha," akamwambia kaka yake, "nanyi mnataka kumsomea. Tungoje sehemu ya pili."

Usimcheke. Alijua vizuri kwamba picha ni picha na Yunusi ni Yunusi. Lakini mtu asiye na kaburi, wala shahidi, wala shati lenye damu la kumwonyesha kwamba yamekwisha, hushika kilicho karibu. Mfa maji haachi kutapatapa. Bibi aliigeuza ile picha kuwa ramli yake: kijana akitolewa korongoni, ataendelea kungoja, asipotolewa, atakubali. Akaitangaza ahadi hiyo mbele ya ndugu, na neno lililotoka kinywani mwa Bi Kulthumu halikuwa na njia ya kurudi.

Sabaha naye angeweza kwenda kwa shehe kuomba atenganishwe na mume asiyejulikana alipo. Sheria ilimruhusu. Hakwenda, kwa sababu kutoka kwenye nyumba ile kungekuwa sawa na kumwambia mama mkwe usoni kwamba mwanao amekufa. Akakaa, akawa anakaanga vitumbua mlangoni pa banda la Ausi, na Kaimu akawa anavinunua hata akiwa ameshiba. Neno la mapenzi halikuwahi kupita kati yao. Mji ulijua, kama miji ijuavyo mambo, lakini wenyewe walinyamaza. Siku moja tu, akimfungia vitumbua kwenye gazeti, Sabaha alisema kwa sauti ya chini bila kuinua macho, "Ulimwambia mama kuna tawi. Mimi sikuliona."

Kaimu akalipa, akaondoka bila kungoja chenji.

Mwaka elfu mbili, msimu wa ufuta, Ausi alikuja mbio na habari: sehemu ya pili imefika Ruangwa, iko kwa Linus, mfasiri wa banda la huko, na Ijumaa baada ya swala itaonyeshwa Nachingwea. Mji ukachangamka. Kaimu akapoteza utulivu. Alikaa akainuka, akaanza kugongelea benchi msumari akauacha umepinda nusu, akaenda kisimani bila ndoo. Bi Kulthumu alikuwa amekwishafua khanga zake za kutokea. Asubuhi iliyofuata Kaimu alidandia lori la ufuta, akapita Ruponda mavumbi yamemjaa kichwani, na hadi anashuka Ruangwa sokoni alikuwa bado hajui anakwenda kufanya nini, ila kwamba lazima aione kabla ya yule bibi.

Linus wa Ruangwa alikuwa amesoma seminari akaacha, na Kiingereza chake kilikuwa cha kweli. Alitafsiri kila kitu, hata mlinzi aliposema funga mlango. Hakupamba. Kaimu aliketi benchi la nyuma kati ya vijana, akatazama.

Ilikuwa na fedha nyingi, hiyo sehemu ya pili, na moyo haba. Helikopta zilikuwepo, magari yaliungua, mwanamke mwenye nguo za kumetameta alipita huku na huku bila kazi yoyote inayoeleweka. Stelingi alikuwa amenenepa na koti la ngozi halifungiki tena. Katika picha nzima hakuna mtu aliyeona njaa. Vijana wa Ruangwa walianza kunung'unika mapema, kila mmoja akiipima kwa ile ya kwanza: ile walipanda mlima kwa mikono, hii wanapandishwa na mashine.

Lakini Kaimu alikuwa amekwisha kupigwa pale mwanzo kabisa. Stelingi anarudi kwenye ukingo wa lile korongo, anapanga mawe lundo moja, anaweka juu yake kamba iliyokunjwa, anavua kofia. Linus akasema kwa ufupi kwamba hili ni kaburi la yule kijana, lisilo na mtu ndani.

Kisha katikati ya picha akatokea askari wa upande wa maadui, mwenye masharubu, na sura ilikuwa ile ile ya Kijana wa Kamba. Banda zima likapiga kelele kwamba karudi. Linus akawatuliza: mchezaji ni yule yule, mtu ni mwingine, wameitumia sura yake tena. Watu wakalaani. Yule askari akapigwa risasi kabla ya mwisho na hakuna aliyemlilia.

Picha ilipokwisha Kaimu alimfuata Linus kwenye chai yake. Akamuuliza jambo alilokuwa amelibeba miaka mitatu: ile sehemu ya kwanza, pale ukingoni, stelingi alipiga kelele akisema nini.

"Alimwita jina," Linus akasema. "Jina lake tu, tena na tena."

"Hakumwambia amsubiri?"

Linus akamtazama kwa mshangao. "Amsubiri wapi?"

Njia ya kurudi ilimtesa. Akiwa na ile sura ya askari mkononi, angeweza kumpa Bi Kulthumu mtoto: ndiye, amerudi, ila amepoteza kumbukumbu, hawajui watu wake. Banda lingepiga makofi hadi bati zilie. Au aseme kweli. Na hapo ndipo ilipomuuma, kwa sababu kila alipoukaribia ukweli alimkuta Sabaha amesimama pale pale. Kaburi likitajwa, hitima itasomwa. Hitima ikisomwa, eda itakaliwa. Eda ikiisha, mlango uko wazi, na wa kwanza kuusogelea angekuwa nani? Kaimu aliuogopa ukweli wenye faida kubwa kiasi hicho. Alijiona kama mtu anayemzika mwenzake ili achukue mkeka wake. Walipofika Ruponda alikuwa ameamua kusema kweli, mbele kidogo akaamua kudanganya, na walipoingia mjini alikuwa amebadili tena. Hadi Ijumaa ilipofika, uongo ulikuwa umeshinda, kwa sababu ulikuwa haumletei kitu.

Banda lilijaa hadi watu wakasimama nje wakisikiliza kwa masikio tu. Madirisha yalizibwa kwa magunia, jenereta ikakohoa ikashika. Bi Kulthumu aliketi benchi la mbele na khanga zake zinanukia sabuni, Sabaha ubavuni, Abdala nyuma yao. Kaimu akashika kipaza sauti.

Mawe yalipotokea alisema haraka haraka kwamba stelingi anaweka alama ya njia asije akapotea. Watu wakakubali. Bi Kulthumu akasogeza shingo mbele. Helikopta zikaja, magari yakaungua, na Kaimu akawatia watu maneno vinywani bila kusikia anachosema. Kisha askari mwenye masharubu akageuka, na sura ikajaa kwenye kioo.

"Karudi!" banda likapaza sauti, na vichwa vyote vikageukia benchi la mbele.

"Ndiye," Kaimu akasema. "Alishika tawi. Amerudi, ila walimnywesha dawa, amewasahau watu wake."

Bi Kulthumu akasimama, kama alivyosimama ile siku ya Idi. Safari hii aliisogelea televisheni, akaitazama ile sura kwa karibu. Ausi, ambaye kwa kawaida angemwambia mtu yeyote akae chini, akasimamisha mkanda. Sura ikabaki pale inatetema.

"Yule wa kwanza akichoka alikuwa anacheka," bibi akasema. "Huyu hajui kuchoka. Sura nimeiona, Kaimu. Mtu simwoni."

Kaimu akajaribu kusema kitu kuhusu ile dawa.

"Yale mawe ya mwanzo yalikuwa nini?"

Angeweza kusema tena kwamba ni alama ya njia. Alimtazama bibi, akatazama kamba za mishipa shingoni mwake, na uongo ukamwishia. "Kaburi, Mama. Halina mtu ndani."

"Na kule ukingoni, kwenye picha ya kwanza, yule mwenzake alimwambia nini?"

"Hakumwambia kitu. Alimwita jina tu."

Bi Kulthumu akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alikwisha kuifikiria. "Mwite, basi," akasema. "Wewe ndiye mwenye sauti."

Kaimu alifikiria jina la kijana wa picha, ambalo hata Ruangwa hakukumbuka kuliuliza. Halafu akaelewa anaombwa jina gani. Akakileta kipaza sauti mdomoni, na machozi yakimshuka mbele ya mji mzima uliomzoea kwa vichekesho, akaita, "Yunusi." Akaita tena, "Yunusi."

Nje, waliokuwa wamesimama uani bila kuona picha wala watu, walisikia jina hilo likitoka kwenye spika.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Bi Kulthumu, na banda zima likaitikia. Sabaha akajifunika uso kwa khanga na kulia kilio ambacho hakuwa ameruhusiwa kukilia miaka yote ile. Abdala akawashika wote wawili mikono akawatoa nje. Hakuna aliyedai kuona mwisho wa picha.

Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, Sabaha akaingia eda. Vijana walidai waonyeshwe tena sehemu ya kwanza, wakisema ya pili ni takataka. Ausi akaweka mkanda. Kaimu alipofika ukingoni mwa korongo alimwita Kijana wa Kamba kwa jina hilo tu, na vijana wakamzomea kwamba ameiharibu. Walisema waziwazi, hata sokoni, kwamba Kaimu wa kwanza alikuwa bora kuliko Kaimu wa pili. Hakubishana nao.

Eda ilipoisha hakupeleka mshenga. Alipita mbali na ule mlango, akawa hanunui tena vitumbua, na aliyemtafuta alikuwa Bi Kulthumu mwenyewe. Alimkuta bandani anafagia, akaketi kwenye lile benchi lenye msumari uliopinda.

"Ile Ijumaa nilijua unanidanganya," akamwambia. "Mwanangu, kweli ingekupa mke. Wewe ukachagua uongo ili mimi nibaki na mtoto. Mtu anayejinyima hivyo, macho yake huonekana." Akainuka kwa shida, akishika goti. "Sabaha yuko nyumbani. Nimemuuliza. Amesema uje mwenyewe, na usimtafsirie."

Kaimu akaenda jioni ile ile. Njia nzima alipanga maneno, na alipofika uani akamkuta Sabaha anapepeta unga, akasimama mbele yake kama mtu ambaye mkanda wake umekatika. Sabaha akamsogezea kigoda.

"Kaa," akasema. "Ya tawi sitaki. Niambie ulichokiona."