Dereva wa Miezi Miwili

Kabla ya vita, kampuni ya pamba pale Kasongo ilikuwa na madereva tisa. Jeshi lilipokuja kutafuta watu wa kupeleka Misri, lilichukua watano kwa siku moja, pamoja na malori mawili mazuri. Wengine wawili wakatoroka, wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, ambako walisikia posho ni kubwa. Wakabaki wawili tu: mzee Sumaili, ambaye jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu, na Faradji bin Kassimu.

Faradji alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Kasongo, wa ukoo wa watu wa msikitini. Alikuwa ameshika usukani miaka kumi na saba. Kabla ya hapo aliosha malori mwaka mzima, kisha akakaa mwaka wa pili kando ya dereva, akiangalia tu, ndipo akaruhusiwa kuwasha injini.

Mkubwa wa kampuni alikuwa mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Mbiombio, kwa kuwa neno hilo, yaani upesi upesi, lilikuwa kinywani mwake kila saa. Asubuhi moja alimwita Faradji ofisini.

"Faradji, pamba iko inaoza kule Kabambare. Nenda vijijini, uniletee watu. Wafundishe miezi miwili, wapate kuendesha."

"Bwana, mimi nilijifunza miaka miwili."

"Wakati ule hapakuwa na vita."

Faradji akaenda. Katika kila kijiji alisema maneno yale yale aliyopewa: mtu wa usukani halimi pamba, wala haitwi kwenye kazi ya barabara. Maneno hayo yalitosha, kwani hapakuwa na nyumba ambayo haikuwa na mtu aliyekwisha kulazwa chini akapigwa fimbo kwa sababu shamba lake la pamba lilikuwa dogo kuliko kipimo.

Huko Wamaza alimpata Antoine, mkulima wa miaka kama thelathini, mwenye mke na watoto wawili. Antoine alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ni kweli, Mwalimu? Ile pamba nitaiacha?"

"Utaiacha."

Mke wake, Apolline, alikuwa akipepeta mpunga kando yao. Ungo ulisimama mikononi mwake. Kesho yake Antoine akaondoka na Faradji, na wenzake wawili wa vijiji vya jirani. Mmoja wao aliitwa Grégoire.

Antoine alijifunza kwa moyo wote. Kwenye barabara tambarare ungedhani alizaliwa na usukani mkononi. Taabu ilikuwa milimani. Lori likianza kuteremka, woga ulimshika, na mguu wake ukaikimbilia breki.

"Usiamini breki," Faradji alimwambia kila siku. "Gari hili limezeeka. Shuka na gia ndogo, uache injini ilizuie."

"Nimesikia, Mwalimu."

Alikuwa amesikia kweli. Ni mguu ndio ulikuwa haujasikia, na mguu hufundishwa kwa muda.

Miezi miwili ikaisha. Bwana Mbiombio akaleta karatasi tatu, ili Faradji aweke sahihi kwamba watu wale wanajua kazi. Faradji akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu kwenye mbili. Ya tatu akaisukuma kando.

"Antoine bado, Bwana. Umpe miezi mitatu tena."

"Basi arudi kwao, akalime pamba. Sina posho ya kulisha mutu wa bure."

Antoine alikuwa amesimama mlangoni. Hakuthubutu kuingia. Alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, usinirudishe."

Faradji alimtazama. Aliyajua makovu ya mgongo wake, kwa maana walikuwa wakioga pamoja mtoni. Akaivuta karatasi ya tatu, akaandika jina lake.

Mvua zilipoanza, Antoine alitoka Kabambare na shehena ya pamba mpaka juu. Kwenye mteremko mrefu unaoshukia mto Luama, lori lilimshinda, likamwua. Wapakiaji wawili waliokuwa juu ya marobota waliruka, wakapona. Wao ndio waliosimulia. "Alikuwa anakanyaga breki," walisema, "anakanyaga tu, na gari halisikii."

Faradji aliomba ampeleke maiti mwenyewe. Aliendesha mpaka Wamaza peke yake, Antoine akiwa nyuma, amefungwa kwa sanda aliyoinunua dukani kwa Mhindi. Walimzika siku ile ile, katekista akasoma sala, na Faradji, ambaye sala yake ilikuwa nyingine, akashika jembe pamoja na wanaume wa ukoo.

Alikaa matanga siku tatu. Siku ya tatu Apolline alimjia pale alipokaa. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mwalimu, nikuulize kitu. Mume wangu alikuwa anajua ile kazi?"

Faradji angeweza kusema ilikuwa mvua. Angeweza kusema ilikuwa breki, na isingekuwa uongo mtupu.

"Kwenye tambarare alijua," alisema. "Mlimani, hapana."

"Na nani alimwambia muzungu kwamba anajua?"

"Ni mimi."

 Watu waliokaa karibu waligeuka kuwasikiliza.

"Aksanti kwa kutonidanganya," Apolline alisema. "Sasa toka hapa uani, katika lupango yangu."

Faradji akaokota kofia yake, akatoka uani.

Alipofika Kasongo alimweleza mkewe Subira yote. Subira alimwekea chakula, hakukigusa.

"Ulimwonea huruma, Baba Mwamvita," mke akasema. "Ungemrudisha, angepigwa."

"Angepigwa, na angekuwa hai."

Wiki haikupita, Bwana Mbiombio akamwita tena. "Nenda vijijini. Nataka watatu wengine, mbiombio."

"Nitakwenda, Bwana. Lakini mtu atajifunza mwaka mzima. Breki za malori yote zitengenezwe kwanza. Na anayechelewa kujua asirudishwe shambani, apewe kazi ya karakana mpaka aweze."

Mzungu aligeuka mwekundu. "Weye ni nani wa kunipangia? Nitakutia gerezani!"

"Nitie, Bwana. Sahihi yangu sitaiweka tena kwenye uongo."

Akamtia. Mtu aliyekataa kazi ya mkataba alikuwa na kosa kwa serikali, na hakimu hakuwa na maneno mengi. Faradji alipewa siku kumi na nne na fimbo nane. Alizihesabu kimya, uso wake chini. Subira alimletea ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila mchana, wala hakumwambia abadili neno lake.

Siku ya tisa Faradji alifunguliwa mlango wa gereza. Sumaili alikuwa amekataa kuendesha kwenye mvua kwa jicho moja. Grégoire na mwenzake walikuwa wameteremka kwenye malori yao na kukaa kando ya barabara, wakisema hawaugusi usukani mpaka Mwalimu atoke. Pamba ilikuwa ikiloa Kabambare, na hapakuwa na mtu mwingine kutoka Nyangwe hadi Luama aliyejua kuendesha. Bwana Mbiombio alisema miezi sita ya mafunzo. Faradji akasema kumi. Wakapatana minane, na fundi akaitwa kwa ajili ya breki.

Faradji akarudi vijijini. Sasa, kabla ya kutaja pamba wala kazi ya barabara, alisimulia habari za Antoine, jinsi alivyokufa na nani aliyeweka sahihi. Wengi waliondoka kabla hajamaliza. Wachache walikaa. Hao aliwafundisha, na hakuna hata mmoja aliyetoroka kwenda kwenye dhahabu.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, walikuwa wakipita Wamaza, Grégoire kwenye usukani, Faradji kando yake. Apolline alikuwa barabarani na kikapu kichwani, akielekea sokoni Kabambare. Faradji akamwambia Grégoire asimame, akashuka.

"Mama, tukubebe? Njia ni ndefu."

Apolline alitazama ndani ya lori. "Nani anaendesha?"

"Ni Grégoire."

"Amejifunza muda gani?"

"Mwaka na miezi miwili, nami bado nakaa kando yake."

Alifikiri, mkono mmoja umeshika kikapu. "Ni vizuri," alisema. "Mimi nitakwenda kwa miguu."

Akaendelea na safari yake. Faradji akapanda, akamwambia Grégoire asubiri kwanza, yule mama afike mbali kidogo, kisha ampite kwa mwendo wa polepole, ili vumbi lisimpate.