Dimbwi la Shemeji Baltazar

Tangu amzike mumewe, Fausta alikuwa na nia mbili kwenye rozari: marehemu apumzike, na dimbwi la nguruwe wa shemeji yake Baltazar likauke. Marehemu alipumzika. Dimbwi lilinenepa, na kila mvua ikinyesha Endagikot, lilishuka hadi mlangoni kwake bila hodi.

Siku jembe lilipomkata mguu, akakanyaga maji yale. Baltazar, mtu wa huruma, akamletea vidonge vilivyobaki kwa nguruwe.

"Nguruwe wamepona, shemeji. Wewe utashindwaje?"

Fausta aliweza kushindwa. Aliishia hospitali, kidonda kinanuka, na Daktari Brightness akamwambia kwamba bakteria wake wamezoea dawa zote. Wasipodhibitiwa, mguu utakatwa.

"Kuna kitu tunakijaribu, mama. Wapo virusi wanaokula bakteria. Mtu hawamgusi. Ila kila kirusi ana bakteria wake anayemla, na wa kwako hatujampatia mlaji."

"Wanauzwa wapi hao?"

"Tunawatafuta kwenye maji machafu. Ya machinjioni tumejaribu, hamna kitu. Nyumbani kwako yapo?"

Maisha yake yote wataalamu walimfundisha kuchemsha maji. Leo wanayataka na uvundo wake.

"Binti yangu," alisema Fausta, "ya kwetu ni ya daraja la kwanza."

Brightness akampigia Baltazar simu, kwa adabu zote, kwamba watu wa afya watafika kesho kuchukua maji ya dimbwi. Kesho yake dereva wa hospitali alirudi na chupa tupu. Alikuta udongo mpya, migomba imepandwa juu yake, na mzee mmoja anaapa kwamba hapo hapajawahi kuwa na dimbwi.

Fausta akaelewa. Miaka yote Baltazar alikuwa na mgongo mbovu, hawezi kushika koleo. Aliposikia watu wa afya, akadhani ni faini, mgongo ukapona hapohapo. Fausta akaomba simu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Fukua."

"Nifukue nini? Si wewe ulitaka..."

"Nilitaka. Sasa nataka mguu wangu, na dawa yake imo humo. Hakuna faini. Wala hakuna anayekuja kukupongeza kwa usafi. Usipofukua, jumuiya ikisali kwako nitakuja na mguu mmoja, nikae mbele kabisa."

Baltazar akafukua. Chini ya migomba tope lilikuwa linanuka vilevile, Mungu ni mwema. Maabara walilidondosha kwenye sahani yenye bakteria wa Fausta, na kesho yake sahani ilikuwa na matundu kama kitenge kilicholiwa na nondo. Mlaji amepatikana. Wakamchuja, wakamsafisha, wakamtia kidondani pamoja na dawa nyingine. Pole pole uvundo ukaisha, nyama nyekundu ikaota.

Fausta alirudi nyumbani na fimbo na miguu yake yote. Baltazar alimpokea kando ya dimbwi, sasa pana kuliko zamani, amelizungushia uzio.

"Hili tusilifukie tena, shemeji. Ni dawa. Jumuiya nzima nimeshawaambia nilivyokuponya."

Fausta akapiga ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu kwa kumnyima alichoomba kwa muda wote ule. Kisha akaegemeza fimbo kwenye uzio, akachukua koleo.

"Daktari ameshachukua ya kumtosha," alisema. "Migomba yako umeiweka wapi?"