Uchakavu wa Tanuri

Kwa jina lake Mola, ajuaye uzito wa chembe kabla haijatiwa mizanini, na baada ya kumswalia Mtume wake, kisa ni hiki.

Walikuwapo ndugu wawili walioshirikiana katika kiwanda cha mikate. Mdogo alikuwa mwokaji, na sasa ametangulia mbele ya haki. Mkubwa aliendesha gari la kusambazia mikate. Watu walimwita Mizani, kwa kupenda kwake kupima kila jambo. Mwokaji alimwacha mjane, mkono wake katika kukanda na kuoka ukiwa sawa na wa marehemu. Vitabu vya hesabu vilikuwa kwa mpwa wao, yatima ambaye Mizani alimlea na kumsomesha.

Siku ya kuvunja shirika walikutana katika chumba cha unga, mzee wa ukoo akiwa mwamuzi. Tanuri lilikuwa likiwaka upande wa pili wa ukuta, na mpwa, aliyeuegemea ukuta huo, alihisi mgongo ukimchemka.

Mizani alitoa shauri lake kwa upole. Mjane achukue gari, ambalo fundi alikwisha kulitajia bei nzuri ya sokoni, na hilo liwe fungu lake kamili. Yeye Mizani achukue jengo na akiba iliyosalia. Tanuri halina thamani. Atamwondolea mjane mzigo huo, alichukue pia. Mjane, asiyeweza kuendesha hata mkokoteni wa punda, aliitazama mikono yake yenye unga. Bila tanuri hakuwa na riziki nyingine.

Mzee aliuliza vipi kitu kinachowaka kikose thamani.

"Mpwa wangu, mwambie babu yako kitabu kinasemaje," Mizani akasema.

"Kitabuni limefika sifuri, Mjomba. Uchakavu umelimaliza."

"Kama limechakaa, tugombee majivu ya nini?" Mzee akainua mikono kuomba dua ya kufunga mapatano.

Mpwa alijua kwamba ikiitikiwa amina, neno limekwisha. Kunena ni kumvunjia heshima aliyemlisha. Kunyamaza ni kumla mjane akiwa hai.

"Babu, naomba radhi kabla ya dua. Uchakavu wa kitabuni si uchakavu wa kanzu. Kitu kitakachotumika miaka mingi, gharama yake haibebeshwi mwaka mmoja. Kila mwaka hutwikwa sehemu yake, na sehemu hiyo ndiyo uchakavu. Sifuri maana yake gharama ya kulinunua tanuri imekwisha kugawanywa. Kitabu hakikusema limekufa, wala hakikusema sokoni litauzwa kwa bei gani."

Mizani alicheka kicheko kikavu. "Nilikusomesha uje unichezee maneno? Sifuri ni sifuri."

"Sawa, Mjomba. Basi na gari ni sifuri. Kitabuni lilitangulia kwisha kabla ya tanuri."

Harufu ya mikate ilipenya mlangoni, na mjane akainuka, akaomba ruhusa akaitoe isije ikaungua. Mzee alimfuata kwa macho hadi akatoweka, kisha akaishusha mikono yake magotini.

"Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu," alimwambia Mizani. "Gari umelipima kwa soko, tanuri kwa kitabu. Shika kipimo kimoja."

Mizani alivipima vipimo vyote viwili. Kwa kitabu, fungu alilompa mjane lilikuwa sifuri. Kwa soko, tanuri halichukuliki bure. Akachagua soko. Fundi alipoitwa, akaona vyombo viwili hivyo vyakaribiana bei. Gari likabaki kwa Mizani, tanuri kwa mjane, na vilivyosalia vikagawanywa nusu kwa nusu. Ndipo dua ikasomwa.

Mizani alitoka bila kumtazama mpwa wake. Mjane alifunga mikate miwili ya moto, akamkabidhi kijana.

"Mpelekee mjomba wako, mwanangu. Usimwambie neno. Mpe tu."

Akaenda nayo, ikimchoma kifuani.

Mola amrehemu mwokaji, ailainishe mioyo ya waliobaki, na awajaalie kipimo kimoja, cha kupokea na cha kutoa. Amina.