Suruali ya Mijntje

Hendrikje alipofungua mlango wa chumba cha dada yake asubuhi ya Jumapili, alidhani amekosea chumba. Karibu na dirisha alikaa bibi mmoja mwenye suruali ya kijivu na sweta ya zipu, nywele zake fupi kama za mvulana.

"Samahani," akasema, akaanza kurudi nyuma.

"Unakwenda wapi?" yule bibi akauliza. "Funga mlango, unaniletea baridi."

Sauti ilikuwa ya Mijntje.

Hendrikje alishika ukingo wa mlango. Tangu wazaliwe hakuwahi kumwona dada yake ndani ya suruali. Wanawake wa Spakenburg, kijiji chao cha Uholanzi, waliokuwa wakivaa kama mama zao walikuwa wamebaki wachache: sketi ndefu nyeusi, aproni, kikofia cheupe cha kufuma, na kraplap, kile kitambaa cha maua kinachotiwa wanga mpaka kinasimama mabegani kama ubao. Wengine walikwisha kuhamia nguo za kawaida, mmoja leo, mwingine kesho. Kanisani kwao walibaki wawili tu, yeye na Mijntje.

Hata Mijntje alipohamia nyumba hii ya wazee, Hendrikje alikuja kila asubuhi kumvalisha na kumfunga pini. Kisha mafua yakamlaza Hendrikje kitandani siku nyingi. Leo ndiyo kwanza ametoka, waende kanisani pamoja.

"Nani kakufanyia hivi?" akauliza.

Kabla Mijntje hajajibu, akaingia Fenna, muuguzi kijana wa zamu, na vikombe viwili vya kahawa.

"Ni wewe, siyo?" Hendrikje akamgeukia. "Naugua kidogo tu, mnamvua nguo zake na kumnyoa kama kondoo. Kisa mnaona uvivu kufunga pini?"

Fenna alikuwa na la kujibu, ilionekana. Uso ulimwiva. Lakini aliweka kahawa mezani taratibu, akageuza mkono wa kikombe uelekee kwa Hendrikje.

"Pole kwa mafua, bibi," akasema. "Hicho hakina sukari, najua hupendi."

"Sitaki kahawa. Dada yangu namchukua leo hii, akakae kwangu."

"Kaa chini, Hendrikje," Mijntje akasema. "Mtoto wa watu hana kosa. Nimemwomba mimi."

Hendrikje alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Umemwomba wewe?"

"Ulipougua alinivalisha yeye. Alitazama picha yetu pale ukutani, akafunga pini moja moja, na akazifunga sawasawa, usimseme. Ila aliponiinua mkono wa kulia aliniangalia usoni, akaniuliza, bibi, inauma? Nikamwambia inauma."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ya mwaka juzi."

Hendrikje alihesabu nyuma kimoyomoyo. Mwaka juzi. Asubuhi zote zile aliushika mkono huo, akauinua juu, akavuta kitambaa, akasema, simama wima dada, usijikunje.

"Nilikuwa nakuumiza kila siku," akasema polepole. "Na wewe unanyamaza. Kwa nini?"

"Ningesema ungenivua kraplap. Halafu ungekaa kanisani peke yako na mabega yako hayo, watu wanakutazama kama kitu cha makumbusho. Nikaona, ah, nivumilie."

Fenna alitoka nje, akauvuta mlango bila kelele. Hendrikje alitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Na nywele?" akauliza mwishowe. "Nazo zilikuwa zinauma?"

"Nywele nilitaka tu," Mijntje akasema, na akacheka. "Kichwa chepesi, mwenzangu, hujui unachokosa. Sasa nenda, utachelewa. Mimi nitasikiliza ibada hapa hapa. Sitaki wakuseme kwa ajili yangu."

Hendrikje aliinuka. Alichukua koti kwenye ndoano, akalizungusha nyuma ya dada yake, akalitandaza mabegani bila kugusa mkono wa kulia.

"Inuka," akasema. "Kwa upole. Wewe ndiye uniambie ukiumia."

Mlangoni mwa kanisa Gijsje, jirani yao wa siku nyingi, aliwatazama kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Mijntje? Na suruali? Jumapili?"

"Ndiye," Hendrikje akajibu. "Na wewe, Gijsje, uliacha kraplap tangu ujana wako, hatukukufungia mlango. Tupishe, upepo unampiga."

Gijsje akapisha.

Walikaa kwenye benchi lao. Muda wote wa mahubiri Hendrikje hakuthubutu kushusha macho kwenye ile suruali. Alitazama mbele tu. Mchungaji alipofika katikati, Hendrikje alipapasa mfukoni, akatoa pipi ya mnanaa, ile yao ya kila Jumapili, akaiweka katika kiganja cha dada yake, cha mkono wa kushoto.